Egon Wellesz: Msomi Aliyezirudishia Sauti Nyimbo Zilizonyamaza



Kamati ya jubilei ilipogawa kazi za kitabu hiki, wengine walipewa historia ya kwaya, wengine majina ya wanakwaya waliotangulia mbele ya haki, wengine picha. Sisi tuliombwa tuandike maisha ya mtu mmoja aliyeutumikia muziki wa Kanisa. Wengi walitarajia tungemwandika Papa Gregori Mkuu, au yule mtawa Guido wa Arezzo ambaye kila anayeimba solfa ana deni lake. Tumemchagua Egon Wellesz. Katika vyuo vikuu vinavyofundisha historia ya muziki jina lake ni kubwa, ingawa parokiani kwetu hatujawahi kulisikia likitajwa. Sababu ya kumchagua imo ndani ya sanduku la kwaya, na tutaieleza kwanza.

Tulipokuwa tukitafuta nyimbo za mwanzo kwa ajili ya sherehe hii, tulifungua daftari la mwalimu wetu wa kwanza, lile lenye jalada la buluu lililoliwa na mchwa pembeni. Nyimbo zote zimo, zimeandikwa kwa solfa safi, sauti zote nne. Lakini juu ya baadhi ya nota kuna alama ndogo kama ndoano, ambayo haimo katika kitabu chochote cha solfa tulicho nacho. Mwalimu mwenyewe alishatutoka. Wale walioimba naye mwaka 1974, kwaya ilipoanza, wamebaki wanne. Tulipowauliza, wawili walisema alama ile ni ya kuivuta sauti. Mmoja akasema ni ya kuinyanyua kidogo kabla ya kushuka. Wa nne, mama yetu wa alto, akasema yeye hakuwahi kuitazama alama hiyo hata siku moja, alikuwa akiutazama mkono wa mwalimu. Tulicheka sana. Baadaye, kila mtu akiwa kwake, kicheko kiliisha. Wimbo umeandikwa wote, na bado hatuujui.

Wellesz alikutana na ndoano za namna hiyo kwa maelfu, nao waliojua kuziimba walikuwa wamekufa miaka mia saba kabla yake.

Alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 21 Oktoba 1885. Wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyahudi kutoka Hungaria; yeye mwenyewe baadaye alikuwa Mkatoliki. Baba alikuwa na biashara ya vitambaa, na kama akina baba wengi alitaka mwanawe ashike biashara au apate kazi ya serikali. Kilichovuruga mpango huo ni zawadi ya siku ya kuzaliwa. Alipotimiza miaka 13 alipelekwa kutazama opera ya Weber iitwayo Der Freischütz, na aliyeongoza okestra usiku huo alikuwa Gustav Mahler. Kijana alirudi nyumbani ameshaamua kwamba atakuwa mtunzi wa muziki. Wazazi wa Kenya wanaosoma hapa wanajua mazungumzo yaliyofuata katika nyumba hiyo, hatuna haja ya kuyasimulia.

Katika Chuo Kikuu cha Vienna alikaa miguuni pa Guido Adler, mmoja wa watu walioifanya historia ya muziki iwe somo kamili la chuo kikuu lenye kanuni zake, sawa na historia ya sheria au ya lugha. Adler aliwafundisha wanafunzi wake kuuendea wimbo wa kale kama mtu aendeaye hati ya shamba: nani aliandika, lini, kwa mkono gani, na kati ya nakala mbili zinazopingana ipi ni ya zamani. Wakati huohuo Wellesz alikuwa akipata masomo ya faragha kwa Arnold Schoenberg, mtunzi aliyekuwa akiugeuza muziki wa Ulaya juu chini. Muziki wa kundi lile uliwaudhi watu hata mwaka 1913, katika tamasha moja pale Vienna, wasikilizaji wakashikana mashati ukumbini. Basi asubuhi kijana huyu alikuwa na mzee wa nyaraka, jioni na mzee wa muziki ambao haujawahi kusikika. Wenzake wengi walichagua upande mmoja. Yeye hakuchagua. Maisha yake yote alibaki mtunzi na msomi kwa pamoja, na tunaamini kwamba bila huo utunzi usomi wake ungekwama pale ulipokwama wa wengine. Tutaona kwa nini.

Alipata shahada ya udaktari mwaka 1908 kwa utafiti juu ya Giuseppe Bonno, mtunzi wa karne ya 18 katika jumba la mfalme pale Vienna. Ilikuwa kazi nzuri ya kijana wa chuo, na haitatuchelewesha. Mwaka huohuo alimwoa Emmy Stross.

Mara nyingi maisha ya wasomi husimuliwa kana kwamba waliishi bila wake, au kana kwamba mke alikuwa wa kuleta chai. Hapa haiwezekani. Emmy alikuwa msomi wa historia ya sanaa, na alimfuata mwalimu mmoja mbishi aitwaye Josef Strzygowski, aliyekuwa akifundisha kwamba mizizi ya sanaa ya Wakristo wa Ulaya isitafutwe Roma peke yake, bali itafutwe Mashariki: Siria, Armenia, Misri. Kama picha na majengo ya kanisa yalitoka Mashariki, je, nyimbo nazo? Swali hilo liliingia katika nyumba ya Wellesz kupitia masomo ya mkewe, na halikutoka tena.

Kulijibu kulihitaji kwanza mtu aweze kusoma nyimbo za Kanisa la Kigiriki la zamani zile, Kanisa la Konstantinopoli, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Bizanti kwa zaidi ya miaka elfu moja hadi ulipotekwa na Waturuki mwaka 1453. Sote tunaliimba neno la Kigiriki kila Misa inapoimbwa Kirie. Ijumaa Kuu pia, katika ibada ya kuuabudu Msalaba, Kanisa la Roma limehifadhi tangu zamani ombi linaloimbwa kwa Kigiriki na kisha kwa Kilatini. Kwa hiyo Wagiriki wale si watu wa mbali nasi. Hati zao za nyimbo zilikuwapo nyingi: kwenye Mlima Athos, kwenye monasteri ya Mlima Sinai, karibu na Roma kule Grottaferrata, na katika maktaba kubwa ya Vienna yenyewe, hatua chache kutoka alikoishi. Maneno yalisomeka. Alama zilizokuwa juu ya maneno, nyekundu na nyeusi, ndizo zilizobaki fumbo.

Hapa tuombe uvumilivu wenu, hasa wa tena na besi ambao wamezoea kunong'ona wakati wa maelezo. Solfa yetu hutaja jina la nota: hii ni do, ile ni so. Ukipotea kwenye mstari wa kwanza unaweza kujirudi kwenye wa pili. Alama za Kibizanti za kati, zile zilizotumika kuanzia karne ya 12, hazitaji nota. Zinakuambia ufanye nini kutoka pale ulipo. Moja, iitwayo isoni, inasema kaa hapohapo. Nyingine inasema panda hatua moja. Nyingine, shuka mbili. Nyingine, ruka tano juu. Ni kama kumwelekeza mgeni njia ya kufika parokiani kwa kumhesabia kona. Akikosa kona moja tu, kona zote zinazofuata ni sahihi na bado atalala kwingine. Waandishi wa kale walilijua tatizo hilo, ndiyo maana mwanzoni mwa wimbo, na mara nyingine katikati, waliweka alama ya kumwonyesha mwimbaji mahali anapopaswa kuwa.

Kiasi hicho kilikuwa kimeshafumbuliwa. Mjerumani Oskar Fleischer, kwa kutumia vitabu vidogo ambavyo Wagiriki wenyewe waliviandika kufundishia waimbaji, alionyesha mwaka 1904 alama zipi ni za kupanda na zipi za kushuka, na kwa hatua ngapi. Lakini palibaki jambo la kushangaza. Kwa kupanda hatua moja peke yake zilikuwapo alama sita. Sita! Ikiwa zote zina maana ileile, kwa nini mwandishi ahangaike kuchagua? Waliotangulia waliziandika zote kwa nota moja, wakasonga mbele, na nyimbo walizozitoa zilikuwa kama chakula kisicho na chumvi.

Wellesz alilishughulikia jambo hilo katika miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Vienna ikiwa na njaa na baridi. Na hapa ndipo mtunzi alipomsaidia msomi. Mtu aliyesimama mbele ya okestra anajua kwamba nota moja inaweza kuimbwa kwa njia nyingi, kwa mkazo, kwa ulaini, kwa kuirusha, kwa kuirefusha. Yeye akasema zile alama sita zina hatua moja lakini hazina sauti moja. Moja ni ya kupanda kawaida, nyingine ya kupanda kwa mkazo, nyingine, ambayo jina lake latokana na kuruka kwa ndege, ni ya kupanda kwa kurusha sauti. Kisha akaonyesha kwamba alama hizo zikiwekwa pamoja na alama nyingine ya kuruka mbali, hatua yao hufutwa na haihesabiwi, ila zinaiachia ile nyingine namna ya kuimbwa. Kumbe mwandishi hakuwa akihangaika bure. Alikuwa akiuandika mkono wa mwongozaji. Wagiriki walikuwa na desturi ya kuongoza kwa ishara za mkono, na baadhi ya alama zao zilihusishwa na ishara hizo. Mama yetu wa alto, uliyesema hukuutazama wino bali mkono, ungekubaliwa mara moja katika kwaya ya Konstantinopoli.

Alichapisha matokeo hayo mwaka 1918. Haki itendeke: Mwingereza H. J. W. Tillyard, mtaalamu wa Kigiriki ambaye baadaye alifundisha pia Johannesburg kwa muda mfupi, alikuwa akilifumbua fumbo lilelile upande wa pili wa vita. Nchi zao zilikuwa zikipigana, nao kila mmoja kwa njia yake walikuwa wakisoma nyimbo zilezile. Walipokutana hawakugombea heshima. Mwaka 1931 walikaa pamoja Copenhagen na msomi wa Denmark, Carsten Høeg, wakakubaliana kanuni za kuziandika nyimbo hizo kwa nota za leo, wakaanzisha mradi uitwao Monumenta Musicae Byzantinae, wa kuzichapisha hati za kale kwa picha na kuzitoa nyimbo zake. Kitabu cha kwanza cha picha kilitoka mwaka 1935. Kilikuwa ni hati ya karne ya 13 kutoka maktaba ya Vienna.

Tukirudi kwake mwenyewe, miaka hiyo kati ya vita viwili ilikuwa ya neema. Alikuwa amefundisha chuo kikuu tangu mwaka 1913, na mwaka 1929 alipewa uprofesa. Aliandika kitabu cha kwanza cha maisha ya mwalimu wake Schoenberg, akashiriki mwaka 1922 kule Salzburg kuanzisha chama cha kimataifa cha muziki mpya, na opera yake Die Bakchantinnen ikachezwa mwaka 1931 katika jumba kuu la opera la Vienna, palepale alipomsikia Mahler akiwa mtoto. Alitunga na Misa. Mwaka 1932 Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa shahada ya heshima; mtunzi wa Austria aliyepewa heshima hiyo kabla yake alikuwa Haydn, mwaka 1791.

Moja ya mambo aliyoyaona wakati huo litawafaa watunzi wetu. Nyimbo za Kibizanti hupangwa katika jamii nane, na kwa muda mrefu wasomi walidhani kila jamii ni ngazi tu ya nota. Wellesz aligundua kwamba kila jamii ina vipande vyake vya sauti, mizunguko inayojulikana, namna ya kuanzia na namna ya kutua, na mtunzi aliviunganisha vipande hivyo kulingana na maneno aliyonayo. Anayetunga mashairi ya Kiswahili ataelewa upesi kuliko Mzungu: ni kama bahari za ushairi. Hakuna anayekulaumu kwa kutunga katika bahari waliyotungia babu zako. Unapimwa kwa ulivyoogelea ndani yake.

Mwezi wa Machi 1938 Bruno Walter, mwongozaji mashuhuri, alikuwa Amsterdam akiongoza kazi ya okestra ya Wellesz, na mtunzi alikwenda kuisikiliza. Siku hizohizo majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Kwa sheria za Wanazi, ubatizo haukufuta damu ya Kiyahudi, na mtu aliyetunga muziki wa aina yake alihesabiwa mpotoshaji. Hakurudi nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka 52, na mji aliozaliwa, kiti chake chuoni, maktaba aliyoizoea, vyote vikawa nyuma ya mlango uliofungwa. Aliingia Uingereza. Emmy na binti zao wawili walimfuata baadaye mwaka huohuo.

Oxford, iliyompa heshima akiwa mgeni, ilimpokea akiwa mkimbizi, na mwaka 1939 Chuo cha Lincoln kilimpa nafasi ya kudumu. Lakini msidhani taabu iliishia hapo. Mwaka 1940 Waingereza, wakiogopa majasusi, waliwakusanya watu wenye asili ya nchi za adui, hata wale waliokuwa wamemkimbia adui huyo. Profesa akapelekwa kambini katika kisiwa cha Man, nyuma ya seng'enge. Wakenya tunaokumbuka hadithi za wazee wetu kuhusu kambi za Waingereza hatuhitaji kuambiwa seng'enge ni nini, ingawa hatusemi kambi zile zilikuwa sawa na zetu. Alitolewa baada ya miezi kadhaa kwa juhudi za marafiki, mmojawapo akiwa mtunzi Ralph Vaughan Williams, ambaye ndugu zetu Waanglikana wanaimba tuni zake hadi leo.

Kwa miaka kama mitano hakutunga chochote. Mtu ambaye alikuwa ametunga bila kukoma tangu ujana akanyamaza. Usomi haukunyamaza, na labda ndio uliomshika mkono. Aliendelea kufundisha na kunakili alama, hatua moja juu, mbili chini, siku baada ya siku. Mwaka 1943 muziki ulianza kurudi, na kati ya kazi za kurudia uhai wake ni shairi la Gerard Manley Hopkins, padre Mjesuiti, alilolitilia muziki. Kisha mwaka 1945, akiwa na miaka 60, akatunga simfonia yake ya kwanza. Watu wa umri huo hapa kwetu huombwa wapumzike na kuwaachia vijana kipaza sauti. Yeye aliongeza nyingine nane, ya tisa akiimaliza mwaka 1971.

Vitabu vyake vikubwa vilitoka katika miaka hiyo ya uhamishoni. Mwaka 1947 alitoa kitabu juu ya asili za Mashariki katika nyimbo za Kanisa la Magharibi, na hapo lile swali la zamani la nyumbani likapata jibu lake. Alionyesha, kwa mfano, kwamba kusini mwa Italia wimbo wa kuuabudu Msalaba siku ya Ijumaa Kuu uliandikwa kwa Kigiriki na kwa Kilatini, na sauti zake zina undugu usiofichika. Mwaka 1949 kikafuata kitabu cha historia ya muziki na tenzi za Kibizanti, alichokitengeneza upya mwaka 1961, na ambacho kwa miaka mingi ndicho kilichokuwa mlango wa kila mwanafunzi wa somo hilo. Tangu 1948 hadi alipostaafu mwaka 1956 Oxford ilimpa nafasi ya ualimu wa juu wa muziki wa Kibizanti. Mwaka 1957 alitoa utenzi wa Akathisto, ule wa kumsifu Bikira Maria wenye beti 24 kwa kufuata herufi 24 za Kigiriki, ambao Wagiriki huuimba wakiwa wamesimama. Aliutoa katika hati iliyonakiliwa Grottaferrata mwaka 1289, ambayo sasa iko Florence.

Mwaka huohuo alihariri buku la kwanza la historia kubwa ya muziki ya Oxford, lililohusu muziki wa kale na wa Mashariki. Hatutaficha kwamba sura yake ya kwanza, iliyoandikwa na msomi mwingine, inauweka muziki wa Afrika pamoja na wa watu wengine wengi chini ya jina la muziki wa watu ambao hawajaendelea. Ndivyo walivyosema wakati ule, na mhariri aliliacha lipite. Mtu aliyeitetea heshima ya waimbaji wa Mashariki kwa miaka 40 angeweza kutupigania na sisi kidogo.

Na tukishafika hapo, tuseme pia lawama iliyomgusa zaidi. Waimbaji wa Kigiriki walikuwapo! Nyimbo za Kibizanti hazikufa Konstantinopoli ilipotekwa. Makanisa ya Kiorthodoksi yaliendelea kuziimba, mwana akifundishwa na baba, mtawa mdogo na mzee, na mwaka 1814 walimu wao walizitengeneza upya alama zao ili zisomeke kwa urahisi. Ndugu zetu Waorthodoksi wa Kenya, ambao seminari yao iko Riruta, Nairobi, nao wanaziimba tuni hizo kwa Kikuyu na Kiswahili. Wataalamu wengi wa Ugiriki walipoziona nyimbo za Wellesz na wenzake hawakuzitambua. Baadhi yao walisema alama zile za kale zilikuwa muhtasari tu, kumbukumbu kwa mtu ambaye tayari anaujua wimbo, na kwamba sauti kamili ilipita kinywani. Walisema pia nusu-hatua na robo-hatua wanazoziimba wao hazionekani kabisa kwenye nota za Oxford. Wellesz alishikilia kwamba uimbaji wa karne za baadaye ulibadilika mno, kwa sehemu kwa sababu ya muziki wa Waturuki, na kwamba hati za kale ndizo shahidi wa kuaminika. Mwaka 1958 mradi wa Copenhagen ulisimamisha mfululizo wa kutoa nyimbo kwa nota za leo. Wasomi waliofuata wamekubali kwamba mifupa ya nyimbo aliisoma sawa, yaani kupanda na kushuka. Kuhusu nyama, yaani mwendo, mapambo na zile nusu-hatua, wengi leo wanaona angewasikiliza zaidi waimbaji walio hai.

Tulibishana sana juu ya jambo hili tulipokuwa tukiandika. Wenzetu wawili wanasimama na Wellesz: kinywa husahau, karatasi haisahau, na mtu hawezi kulijaza pengo kwa alivyozoea yeye. Sisi wengine, baada ya siku ile ya daftari la buluu, hatuna uhakika huo. Karatasi yetu haikusahau chochote, ila haikutuambia. Jambo moja tulilokubaliana wote ni kwamba wale wanne warekodiwe, kila mmoja kwa namna anayoikumbuka, hata kama hawapatani, na kanda zao ziwekwe katika sanduku lilelile pamoja na daftari. Kazi hiyo imeanza.

Wellesz hakuhama tena Oxford. Vita vilipokwisha Austria ilimtunukia heshima, na Uingereza nayo ikampa nishani mwaka 1957, lakini kiti chake cha Vienna hakurudishwa kukikalia. Wanafunzi walikuja kwake nyumbani, Emmy akiwa na utafiti wake chumba cha pili, juu ya sanaa za Asia. Mwaka 1972 alipatwa na kiharusi, na mkono ulioandika alama kwa zaidi ya nusu karne ukaacha kutunga. Alifariki Oxford tarehe 9 Novemba 1974, wiki tatu hivi baada ya kutimiza miaka 89.

Alizikwa Vienna, katika makaburi makuu ya mji walikolala Beethoven, Schubert na Brahms. Miezi mitano tu kabla yake, Juni 1974, majivu ya mwalimu wake Schoenberg, aliyefia uhamishoni Marekani mwaka 1951, yalikuwa yameletwa kuzikwa hapohapo. Mwalimu na mwanafunzi, wote wawili waliofukuzwa, walirudi mjini kwao mwaka mmoja, mwaka uleule ambao watu kumi na mmoja na daftari moja la buluu walikutana chini ya mti wa kanisa letu kwa mazoezi ya kwanza.